Kitambaa cha Kufuma Juu ya Kompyuta

Wapendwa, mama zangu, wazee wetu na ninyi vijana mlioketi nyuma, leo ni zamu ya akina mama kuhudumu, na kura ya kutoa mfano imeniangukia mimi. Nimeuandika kwenye daftari, kwa sababu nikisimama mbele ya watu maneno yote hunikimbia. Kwa hiyo nitasoma. Mtoto akilia, bibi yake yuko pale mbele, atampokea.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa na steshenari ndogo karibu na ofisi ya kata. Mnaijua kazi hiyo. Watu wanaleta vyeti kutoa kopi, wanaleta barua kuchapwa, kadi za kamati ya harusi, majina ya watoto wa kipaimara. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta moja, printa moja, na benchi la mbao la wateja kusubiria. Benchi lile lilikuwa na ufa, na ukikaa vibaya unakubana kanga.

Kompyuta ya mama huyu ilikuwa ya zamani na ilikuwa nzito. Ukiiambia ifungue barua, unaweza kumenya ndizi zote za mchana ukarudi ukakuta bado inatafuta. Akaita fundi. Fundi huyu alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, ana meza yake ya kutengeneza redio na simu, na alikuwa amepewa kazi ya kuangalia kompyuta za shule ya sekondari ya pale. Akafungua boksi la kompyuta, akatazama, akasema, "Mama, usinunue nyingine. Tubadilishe prosesa tu."

Prosesa, kwa sisi tusiojua, ni kidude bapa, hakizidi biskuti kwa ukubwa. Kinakaa ndani ya boksi, na ndicho kinachofikiri. Fundi akatoa kile cha zamani, akaweka kipya chenye nguvu zaidi. Alipowasha, kompyuta ikafunguka upesi mpaka mama yule akapiga makofi.

"Fundi, umeifufua!"

"Mama, nisikilize kwanza," fundi akasema. "Hii mpya ina nguvu kuliko ile, na ina joto kuliko ile. Unayaona haya matundu ya juu na ya ubavuni? Hapa ndipo inapopumulia. Usiifunike ikiwa inafanya kazi. Hata kanga usiiweke."

"Nimekusikia, fundi wangu. Nitaifunika kwa nini, kwani ni mtoto?"

Siku hiyo kwenye benchi alikuwepo mteja mmoja, mama mwenye mtoto mchanga. Alikuwa amekuja kuchapiwa barua ya kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Aliyasikia maneno yote, kwa sababu kutoka kwenye benchi mpaka kwenye meza ni hatua mbili.

Fundi alipoondoka, mwenye duka akafungua droo akatoa kitambaa. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya waridi pembeni, kile ambacho kila mmoja wetu anacho nyumbani juu ya televisheni au mgongoni mwa kochi. Alifumiwa na dada yake alipoolewa. Akakitandaza juu ya boksi la kompyuta, kikaning'inia mpaka chini pande zote.

Akamgeukia yule mama wa kwenye benchi. "Fundi anaongea kifundi. Vumbi la barabara hii yeye halijui. Halafu," akashusha sauti, "haya maandishi nani ayaone?"

Ubavuni mwa boksi palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, namba kubwa na herufi za ofisi fulani ya zamani ilikotoka kompyuta ile kabla ya kuuzwa kama chakavu. Na mama huyu alikuwa ameshawaambia watu kwamba amenunua kompyuta mpya, imetoka kwenye boksi lake. Kweli ilikuwa na kitu kipya. Lakini kipya kilikuwa kile kidude cha ukubwa wa biskuti, mengine yote yalikuwa yale yale.

Mama wa kwenye benchi akacheka kidogo. Wote wawili wakacheka. Mnaelewa jinsi tunavyocheka tukishirikishwa siri na mtu anayetuzidi.

Baada ya siku mbili, kompyuta ikaanza kuganda.

Kuganda ni hivi. Unaandika vizuri, mara herufi zinakataa. Unasukuma mausi, mshale hauendi. Picha imebaki kwenye kioo kama ya ukutani. Haizimi, haisemi kosa, imesimama tu. Dawa yake ni kuchomoa waya na kuanza upya, na uliyokuwa hujayahifadhi ndiyo yamekwenda.

Tena haikuwa na saa maalumu. Leo inaganda saa nne asubuhi. Kesho inafika mpaka saa tisa. Siku ya baridi inashinda vizuri kabisa, siku ya jua kali inaganda mara tatu. Ila Jumamosi haikuganda kamwe. Wateja wakaona ni ajabu. Mzee mmoja Msabato, aliyepita tu kusalimia, akamwambia, "Mama, nimewaambia siku zote, Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Hata mashine imeelewa, bado ninyi."

Mwenye duka akamjibu, "Kama imeelewa, mbona inafanya kazi siku hiyo badala ya kupumzika?"

Benchi zima likacheka. Hakuna aliyejiuliza Jumamosi pale dukani kuna nini. Jumamosi ilikuwa siku ya mama huyu kufua. Kitambaa kilikuwa kwenye kamba.

Akaanza kutafuta ubaya. Akasema ni umeme, akanunua kile kifaa cha kutuliza umeme. Ikaganda. Akasema ni virusi, akaita mtu akasafisha. Ikaganda. Akamwita fundi aliyeibadilisha. Na hapa, wapendwa, sikilizeni vizuri. Fundi akija, mwenye duka alifanya kama sisi sote tunavyofanya mgeni wa kazi akija. Alikiondoa kitambaa kabla fundi hajafika mlangoni, akakikunja vizuri, akakiweka kando kisichafuke. Fundi akafungua boksi. Akatoa vipande vya ndani akavisugua kwa ufutio wa penseli, ndivyo wanavyofanya, akavirudisha. Akapuliza vumbi. Akawasha. Akakaa saa mbili, akapewa chai na maandazi, kompyuta haikuganda hata mara moja.

"Inakuogopa wewe," mwenye duka akasema.

"Mashine haina woga, mama. Ningependa niione ikiwa imeganda."

Fundi akaondoka anakuna kichwa. Kitambaa kikarudi mahali pake. Kesho yake, saa tano, ikaganda.

Akaja mara ya pili. Akaja mara ya tatu. Mnajua fedheha ya mtu anayeitwa kuja kutengeneza kitu, akifika kitu ni kizima, akiondoka kimekufa? Watu wakaanza kumtazama kwa jicho lingine.

Sasa ikafika siku moja ya Alhamisi. Akaja mwanamume aliyefiwa na baba yake. Mazishi yalikuwa saa nane mchana. Alikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono, historia ya marehemu, na alitaka ichapwe ili mjukuu aweze kuisoma kaburini. Mwenye duka akaandika ukurasa wa kwanza. Ikaganda. Akachomoa, akaanza upya. Ilipofika kwenye majina ya watoto wa marehemu, ikaganda tena. Yule mwanamume akatazama saa. Hakugomba. Alisema tu, "Basi mama, nipe karatasi zangu," akazichukua, akaenda kumzika baba yake.

Mwenye duka aliona aibu. Dukani mlikuwa na watu sita au saba. Na aibu, wapendwa, haipendi kubaki peke yake, hutafuta haraka mtu wa kumwangukia. Akampigia fundi simu. Alipomwona anavuka barabara, akakivuta kitambaa kama kawaida. Lakini siku hiyo hakupata nafasi ya kukikunja. Akakikalia.

Mama wa kwenye benchi alikuwepo. Alikuwa amerudi kwa barua yake, ambayo kila siku ilikuwa haijakamilika. Alikiona kitambaa kikiingia chini ya mwenye duka. Ncha ya ua la waridi ilikuwa imebaki nje.

Fundi alipoingia, hakupewa hata salamu.

"Fundi, wewe ni mtu wa kuniaibisha mbele ya wafiwa? Ulichukua prosesa nzuri ukaniwekea mbovu. Sema tu. Ile nzuri umeiuza wapi?"

Fundi akasimama na begi lake mkononi. "Mama, unaniita mwizi?"

"Mimi nimesema mbovu. Mwizi umesema wewe."

Watu wakaguna. Fundi akaweka kiganja chake juu ya boksi, akakiondoa haraka. "Mama, hii inaungua. Unaifunika?"

"Nifunike kwa nini?"

"Nilikuambia siku ile ile usiifunike."

"Hujawahi kuniambia neno hilo. Uongo wako huo."

Fundi akageuka. Akamwona mama mwenye mtoto. Uso wake ukapata nuru kidogo, kama mtu aliyepotea akaona nyumba anayoijua.

"Dada," akasema kwa upole, "siku ile ulikuwepo hapo hapo ulipokaa. Nilisema, au sikusema?"

Duka lote likamgeukia yule dada. Sasa nawauliza, ninyi mliokaa hapa kanisani, kusema "alisema" ni kazi ya muda gani? Ni neno moja. Mtoto wa chekechea analiweza. Lakini mwenye duka alikuwa kiongozi wa akina mama. Na barua ya cheti ilikuwa nusu ndani ya kompyuta ile. Na macho yalikuwa mengi, na dada yule tangu utoto wake, akitazamwa na watu wengi, shingo humwaka moto. Akainamisha kichwa, akaanza kumfunga mtoto nguo ambayo ilikuwa imefungwa vizuri.

Akasema, "Nilikuwa namhangaikia mtoto. Sikusikia vizuri."

Angalieni lile neno "vizuri". Alilitia pale ili usiwe uongo mzima. Alifikiri Mungu angempunguzia kidogo.

Fundi alimtazama kwa muda mfupi tu. Akasema, "Haya, dada." Akatoka.

Mji mdogo hauhitaji redio. Kabla ya saa moja jioni ilikuwa imeshafika sokoni kwamba fundi yule hubadilisha vitu, anatoa vizima anaweka vibovu, na shahidi alikuwepo lakini hakuweza kumtetea. Watu wakaenda kwenye meza yake kuchukua redio zao, nyingine zikiwa zimefunguliwa nusu, wakizibeba kwenye ndoo pamoja na skrubu zilizofunguliwa. Wiki iliyofuata shule ya sekondari ikamwambia apumzike kwanza. Mke wake alipokwenda kisimani, waliotangulia waliacha kuzungumza.

Na dada yule wa kwenye benchi? Barua yake ilikamilika. Mwenye duka aliichapa vizuri kwenye karatasi nzuri, akampa na bahasha, akamwambia, "Wewe ni mwanangu." Dada alipofika nyumbani akaiweka chini ya godoro, na ilikaa pale muda mrefu, kwa sababu kila alipoishika alikumbuka uso wa fundi.

Ukapita mwezi. Ikaja Jumamosi ya mvua. Mwenye duka alikuwa amefua asubuhi, kitambaa kikalowa kwenye kamba. Jumapili mvua. Jumatatu mvua. Kompyuta ikakaa uchi, na Jumatatu haikuganda. Jumanne jua likawaka kali, kitambaa kikiwa bado kibichi kwenye pindo, na kompyuta ikafanya kazi kutwa nzima, wateja wamejaa, haikuganda. Jumatano asubuhi kitambaa kikakauka. Akakipiga pasi. Akakitandaza, akapanga maua ya waridi yatazame mlangoni. Saa tano na nusu, mshale ukasimama.

Mama yule akakaa akiutazama. Kisha polepole akaingiza mkono chini ya kitambaa. Palikuwa na moto kama tumbo la mtoto mwenye homa. Akautoa mkono, akaufunika uso wake kwa kiganja kile kile.

Alikuwa ameambiwa. Alikumbuka kwamba aliambiwa, na alikumbuka jibu alilolitoa.

Niwaambieni ukweli, mimi namheshimu mama huyo. Maana angeweza kukiondoa kitambaa kimya kimya, kompyuta ikapona, na hakuna ambaye angejua. Wengi wetu ndivyo tungefanya, kisha tungesema Mungu ametenda. Yeye alikikunja, akakitia kwenye mfuko, akavuka barabara mchana, watu wakimwona. Akafika kwenye meza ya fundi, ambayo sasa ilikuwa na redio moja tu, ya kwake mwenyewe. Wanaume walikuwa wanacheza bao pembeni. Akatoa kitambaa akakiweka mezani.

"Fundi," akasema kwa sauti ya kusikika, "hukuiba. Uliniambia nisifunike, nikafunika. Nilikuwa nafunika maandishi, watu wasijue kompyuta ni ya zamani. Nimekuharibia jina. Nisamehe, mwanangu."

Wanaume wakaacha kete zao.

"Nimekusamehe, mama."

"Nitakwenda shuleni nikawaambie."

"Nenda, mama. Ingawa wameshaweka mtu mwingine."

Mama akalia. Alipokuwa anageuka kuondoka, fundi akamwita.

"Mama, yule dada aliyekuwa kwenye benchi, mtoto wake hajambo?"

Hayo tu. Hakuuliza kwa nini dada alisema vile, wala hakuomba aje. Aliuliza habari za mtoto, kwa sababu dada yule alikuwa amesema ana shughuli ya mtoto, na yeye alikuwa amelichukua neno hilo kama ni kweli. Mwezi mzima watu wanamwita mwizi, naye moyoni alikuwa anafikiri labda kale katoto kalikuwa kanaumwa.

Mwenye duka akapeleka salamu zile kwa dada. Alimkuta anachambua mchele. Akamwambia, "Fundi anauliza, mtoto hajambo?" Dada akajibu, "Hajambo." Akaendelea kuchambua mchele. Mchele ulikuwa safi, hauna hata chuya.

Wapendwa, mfano umeishia hapo. Sasa nawauliza. Katika habari hii, nani alifunika?

Nawasikia. Mnasema mwenye duka. Hata mimi nilipoanza kuandika niliandika hivyo hivyo, mwenye duka. Nikaandika kurasa tatu za kumwonya yeye. Kisha nikazikata.

Maana mwenye duka kitambaa chake kiko wapi? Amekitoa. Ukienda dukani kwake leo utayaona yale maandishi meupe ubavuni mwa kompyuta, namba na herufi zote, hayaondoki, na watu wanayasoma wanatoa kopi zao wanaondoka. Kompyuta inapumua, na mama anapumua. Nani bado amefunika? Ni yule wa kwenye benchi. Yeye hakuwa na kompyuta, hakumwita mtu mwizi, hakugombana na yeyote. Alikaa tu. Na kama angesema neno moja Alhamisi ile, fundi angetoka pale na jina lake.

Sisi tunapenda kutubu makosa ya meza. Ya benchi hatuyahesabu. Sisi tuliokuwepo. Sisi tulioona ncha ya kitambaa. Sisi tulioambiwa "dada, wewe ulikuwepo," tukajibu kwamba hatukusikia vizuri. Amri ya kutomsema jirani uongo tumeikariri wote kwenye kipaimara, lakini tunadhani ni ya watu wanaopiga kelele. Tunasema, mimi ni mtu wa haya, siwezi kuongea mbele za watu. Haya ni jambo jema, wazazi wetu walitufundisha. Lakini haya inayonilinda mimi uso wangu na kumwacha mwenzangu bila kazi, hiyo nimeshindwa kuiita njema. Nimejaribu. Usiku na mchana nimejaribu.

Na kile kilichofunikwa ndani yetu hakifi. Kinafanya kazi na joto lake linapanda. Siku moja tunaimba vizuri, siku nyingine katikati ya sala tunaganda, maneno yamesimama mdomoni, na hatujui kwa nini. Tunasema ni uchovu. Tunasema ni watoto. Ndugu zangu, tutie mkono chini ya kitambaa tuone.

Sitasema benchi lile liko mji gani. Nitasema tu kwamba ufa wake uko upande wa kulia, ukikaa karibu na mlango.

Fundi alisema.

Alisema usiifunike, alisema hata kanga usiiweke, na mimi nilisikia vizuri kabisa.

Ibada ikiisha, mama zangu, msinisubiri kwenye chai. Namchukua mtoto kwa bibi yake, nakwenda naye kwenye meza ya fundi, ili fundi amwone mwenyewe kwamba hajambo. Ninaomba wawili au watatu kati yenu mnisindikize, mkasikie. Safari hii nataka wawepo mashahidi.